Nilikanyaga msumari, nikanukia pilau: mkasa wa mguu wangu na dawa za mama

Chechemea_Likoni (mleta uzi)
Siku ya 12, saa 4 usiku

Masalkheri jamaa. Naandika nikiwa nimelala chali, mguu wa kulia uko juu ya mito miwili, wa kushoto ndio unaonipeleka msalani. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nikanyage msumari, na jana kwa mara ya kwanza nimelala mpaka asubuhi. Nimeona nilete mkasa wangu hapa kabla mamangu hajaueneza Likoni nzima na kuutia chumvi kuliko ile aliyonitia kidondani.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alikuwa anahama Majengo, Mombasa kisiwani, kuja huku kwetu Likoni, ng'ambo ya feri. Vitu vyenyewe si vingi: kitanda, godoro, jiko la gesi, na kabati ambalo tangu nilijue halijawahi kufunga mlango. Tukakodi mkokoteni. Mvua za mwezi wa tano mwazijua, ikinyesha nusu saa uchochoro wote ni mto. Nami nimevaa ndara, tena zile za bluu zilizoisha kisigino mpaka ukiziinua juu waona mwanga. Kushusha kitanda, chaga moja ikaanguka majini bila mimi kuiona. Nikaikanyaga. Msumari wa inchi tatu ukapita ndara, ukaingia unyayoni chini kidogo ya kidole gumba.

Sikupiga kelele. Hilo nataka liandikwe. Nilisema "ah" tu, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Kisha nikainua mguu, na chaga ikaja pamoja na mguu. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Hamali wa mkokoteni akanikalisha, akakanyaga chaga kwa mguu wake mmoja, akanivuta mimi badala ya kuuvuta msumari. Damu ikatoka kitone. Kitone kimoja! Nikacheka. Nikasema kama ni hivi tu, tuendelee na kabati.

Hamali akasema tia mafuta taa. Mdogo wangu akasema dawa ya meno. Jirani akatoka na unga wa kahawa kwenye kijiko. Mimi ni mtu wa kusikiliza wakubwa na wadogo, nikatia vyote kwa zamu. Dawa ya meno ndiyo iliyonipendeza zaidi, maana ilikauka ikaziba tundu vizuri, kama fundi amepiga plasta. Nikavuka feri mguu unanukia mnanaa.

Siku ya tatu ukaanza kupwita. Si kuuma, kupwita: tu, tu, tu, kama ngoma ya harusi ya mtaa wa pili, huioni lakini haikuachi ulale. Siku ya nne nikaamka na mtoki kinenani, ukubwa wa ndimu. Sasa mtoki humfichi mama. Nilipiga hatua mbili tu kutoka kitandani, akauliza yuko jikoni, wala hajanitazama: "Mguu upi?"

Basi nikaingia chini ya serikali mpya. Alfajiri, maji ya majani ya mkilifi, yaani mwarobaini, yaliyochemshwa mpaka yakawa kama chai ya rangi, natumbukiza mguu. Mchana, maji ya chumvi. Alasiri, asali na manjano. Usiku, thomo, yaani kitunguu saumu, iliyopondwa ikafungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Nyanya akapiga simu toka Mtwapa akaongeza karafuu. Mama mdogo akaleta habasoda. Kufikia siku ya sita nilikuwa na viungo vyote vya pilau isipokuwa mchele na nyama, na nyama yenyewe nadhani ndiyo mimi. Paka wa jirani akahamia mlangoni petu.

Ile thomo sasa. Saa nane usiku nikahisi moto. Mama alikuwa ashasema, "Ikiwasha, jua inakula uchafu." Nikavumilia kiume. Asubuhi kufungua leso, kuna lengelenge ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini pembeni ya tundu. Sasa nina vidonda viwili, na cha pili kimenunuliwa sokoni kwa pesa taslimu.

Katikati ya hayo nilijikokota hadi duka moja la dawa, silitaji. Kijana hakuuliza umri wala hakuuona mguu. Akanikatia kapsuli nne kwa mkasi, "meza asubuhi na jioni, utapoa." Siku mbili zikaisha, na mpwito uko pale pale.

Siku ya nane homa ikapanda, meno yanagongana na jua liko utosini. Mama mwenyewe akafunga leso kiunoni akasema, "Twende hospitali." Mwanamke aliyenilea kwa mkilifi akikwambia twende hospitali, jua mambo yamefika.

Ya hospitali nitaleta, mguu unataka kupumzika. Nyinyi leteni zenu. Nani ametia nini, na kilimfanya nini?

---

KahawaTungu
Siku ya 12, saa 4 na robo usiku

"Chaga ikaja pamoja na mguu." Yakhe, nimemwaga kahawa na baraza zima lataka kujua nacheka nini. Nimewasomea. Mzee mmoja hapa anauliza kabati lilifika?

---

BiKiremba
Siku ya 12, saa 4 na nusu usiku

Pole baba, ingawa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, sembuse msumari. Mtu mzima wahamisha vitanda mvuani na ndara zilizotoboka! Lakini thomo usiisingizie. Thomo haifungwi usiku kucha. Mamangu alikuwa akiipaka, akihesabu kidogo, akaiosha. Nyinyi vijana mwapewa dawa mwaifanya kitoweo.

---

Fundi_Tuktuk
Siku ya 12, saa 5 kasorobo usiku

Sisi mafundi tukikatika twatia grisi, twaendelea na kazi. Nina makovu saba mkononi, yote ya grisi, na mkono huu hapa wafunga na kufungua.

---

Nesi_Mstaafu
Siku ya 12, saa 5 usiku

Grisi ni ya beringi, mwanangu. Hayo makovu saba yalipona kwa sababu wewe ni kijana na vidonda vilikuwa vya juu juu. Usiipe grisi sifa ya damu yako.

Chechemea, kabla hujatusimulia ya hospitali, nijibu matatu. Umechomwa sindano ya pepopunda? Umepimwa sukari? Na hiyo ndara, ilipotobolewa, kipande chake kilikwenda wapi?

---

Chechemea_Likoni
Siku ya 13, saa 2 asubuhi

Bi Nesi, hilo swali la tatu limenitoa jasho. Umejuaje? Ngoja nianze mwanzo.

Kwanza ilibidi mguu uvuke. Mvua bado yanyesha na kidonda hakitaki maji ya njiani. Mama akaingiza mkono chini ya godoro lake, akatoa mfuko wa plastiki. Mfuko halisi, ule wa zamani, mweusi, wenye masikio! Plastiki zilipigwa marufuku mwaka 2017, yeye ameweka akiba kama mtu aliyeweka dhahabu. Akanivisha mguuni, akafunga kwa mpira wa bahasha. Nikatoka nyumbani mguu mmoja ukiwa ni wa magendo.

Gatini maji yametoka, na mwajua maji yakitoka ule mteremko wa kuingilia feri unavyosimama. Watu elfu wanateremka mbio, mimi nateremka upande kama kaa. Mtoto mmoja akamuuliza mamake, "Yule ana nini kwenye mfuko?" Mamake akamjibu, "Mguu." Akasema vile vile, bila kushangaa, kama angesema mihogo.

Hospitalini nikafikishwa kwa nesi mmoja, dada wa makamo, mpole kwa sauti lakini si kwa mikono. Akauliza, "Umetia nini?" Nikaanza kuorodhesha. Mafuta taa, dawa ya meno, kahawa, mkilifi, chumvi, asali, manjano, thomo, karafuu, habasoda. Akaacha kuandika. Akamtazama mama. Mama akatazama dirisha.

Akaniambia: "Kidonda cha msumari ni shimo jembamba refu. Uchafu uko ndani, wewe umefunga mlango kwa dawa ya meno. Mwizi yuko ndani na umemfungia na chakula."

Kisha akatoa kalamu ya wino, akachora mstari kuuzunguka ule wekundu uliokuwa umepanda juu ya mguu. Umbo lililotokea, wallahi, ni kisiwa cha Mvita. Nikamwambia. Akacheka mara ya kwanza, akachora alama ndogo kwenye kifundo, akasema: "Basi hapa ni Makupa. Wekundu ukitoka nje ya mstari ukavuka Makupa kwenda bara, usingoje asubuhi, njoo hata usiku wa manane."

Sindano ya ganzi. Sitaielezea, kuna watoto humu. Akalipanua tundu kidogo, likatoka tone la usaha, kisha akawa anasukumia maji ya chumvi safi kwa bomba la sindano, maji yanaingia na kutoka, nilihesabu hadi ishirini nikachoka. Halafu akaingiza kibano, akageuzageuza, akakivuta polepole. Akaweka kitu juu ya gozi.

Kilikuwa cha bluu. Ukubwa wa punje ya mchele. Bluu ile ile, na upande mmoja kina vile vichirizi vya ndara.

Tulinyamaza sote watatu. Nesi akasema, "Mwiba hutokea pale ulipoingilia." Mama akainama, akaitazama ile punje kwa muda, akasema: "Sasa mkilifi wangu na hili dude, nani angeshinda? Dawa zangu zilikuwa zikipigana na ndara."

Na nesi, hapo nilimpenda, akamjibu: "Mama, hata kapsuli zangu zisingeshinda. Ndara hainywi dawa."

Tundu halikushonwa. Liliachwa wazi makusudi, likatiwa utepe wa gozi ndani ili lipone kutoka chini kuja juu. Nikachomwa ya pepopunda begani. Sukari ikapimwa kwa kidole, 5.4, wakasema haina neno. Nikapewa vidonge vya siku saba na onyo kwamba nikiviacha siku ya tatu kwa sababu nimeona nafuu, tutaonana tena.

---

MkaaBarazani
Siku ya 13, saa 3 asubuhi

Kwa hiyo leo wekundu uko mtaa gani?

---

Chechemea_Likoni
Siku ya 13, saa 3 na dakika tano asubuhi

Juzi ulikuwa unachungulia Makupa. Leo umerudi Mwembe Tayari.

---

DukaLaDawa
Siku ya 13, saa 4 asubuhi

Mimi nauza dawa, na yule aliyekukatia kapsuli nne amekukosea, tena amenitia aibu. Dozi nusu huua vijidudu dhaifu, vile vikali vikabaki vimeshaijua dawa. Mtu akija kwangu na shimo la msumari lenye usaha, hata akinipa elfu, namwambia akafunguliwe kwanza. Wengine hununa, wanaenda duka la jirani, wanauziwa. Ndiyo biashara ilivyo.

---

MwanaKisauni
Siku ya 13, saa 7 mchana

Nacheka na nyinyi lakini mimi hadithi za mguu hunikaa vibaya.

Babangu mwaka 2014 alinunua makubadhi mapya ya harusi ya dadangu. Yakamchubua pembeni ya kidole kidogo. Yeye hakuhisi kitu. Alikuwa na kisukari miaka mingi, nyayo zilishakufa ganzi, akawa anasema "miguu yangu ina sponji." Mamangu akakiona kile kimchubuko baada ya harusi, akafanya ambalo kila mama angefanya: beseni, maji moto, chumvi. Baba akatia mguu, akakaa anasikiliza redio. Mama anauliza, "Si moto sana?" Baba anasema, "Ni vuguvugu tu."

Alipoutoa, ngozi ilibaki ndani ya beseni.

Kikawa donda ndugu. Vidole viwili vilikatwa. Mama mpaka leo akichemsha maji ya kuoga huingiza kiwiko chake kwanza, hata kama ni ya mtu mzima mwenye afya zake.

Sisemi chumvi mbaya. Nasema kama nyumbani mna mtu wa sukari, mguu wake usitiwe katika maji yoyote ambayo mkono wa mwingine haujayapima, na kimchubuko chake kipelekwe siku hiyo hiyo.

---

BiKiremba
Siku ya 13, saa 7 na nusu mchana

Subhanallah. Pole mwanangu. Mpe mamako salamu zangu, mwambie hakukosa.

---

Nesi_Mstaafu
Siku ya 13, saa 9 alasiri

MwanaKisauni, nimefanya kazi wodini miaka mingi na hiyo hadithi yako nimeiona kwa macho yangu, na beseni lilikuwa na rangi nyingine tu. Mtu wa sukari hatumbukizi mguu kabisa. Anaosha kwa maji ya kawaida na sabuni, anakausha hadi katikati ya vidole, anafunika kwa kitambaa safi, anakwenda kuonwa. Na kila jioni mtu amtazamie nyayo zake, au aweke kioo chini ajitazame.

Sasa niseme la pepopunda, maana wengi mmekaa mnaogopa msumari wenye kutu tu. Kutu haina kosa. Kijidudu cha pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi, na hupenda mahali pasipo hewa. Msumari ni gari lake tu: unakitoa matopeni, unakipeleka ndani kabisa ambako hewa haifiki. Hata mwiba wa mchongoma waweza. Dalili zake huja baadaye, siku tatu hadi wiki tatu, wakati kidonda chenyewe pengine kishafunga: taya linakaza, shingo inakaza, kumeza tabu. Hapo hakuna mkilifi, ni mbio.

Na hapa wanaume ndio wanaonihuzunisha. Mtoto hudungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wanawake hudungwa tena kliniki wakiwa wajawazito. Mwanaume mara yake ya mwisho alikuwa amebebwa kwa mbeleko. Ana miaka arobaini, anahamisha vitanda vya watu na kinga ya utotoni. Kidonda kikiwa kichafu na imepita miaka mitano tangu sindano ya mwisho, au huikumbuki kabisa, kachomwe. Ni dakika moja.

---

Fundi_Tuktuk
Siku ya 13, saa 9 na dakika kumi alasiri

Ya mwisho siikumbuki. Nina miaka thelathini na sita na kazi yangu ni vyuma.

---

Nesi_Mstaafu
Siku ya 13, saa 9 na robo alasiri

Basi na tuktuk unayo. Nenda.

---

BiKiremba
Siku ya 13, saa 2 usiku

Nesi, mimi nakuheshimu, lakini usitutupie dawa zetu zote baharini. Asali vipi? Babu zetu walitibu vidonda vya vita kwa asali.

---

Nesi_Mstaafu
Siku ya 13, saa 3 usiku

Dada yangu, sitazitupa. Zingine nimezitumia wodini na mshahara nikala.

Maji ya chumvi ni ya kweli. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, osha mara mbili kwa siku. Kazi ya chumvi ni kuosha, haiendi kupigana na kitu ndani. Asali nayo ni ya kweli. Ina utamu mwingi na maji machache, kwa hiyo hunyonya majimaji kidondani na vijidudu vikakosa pa kunywa, tena ina ukali kidogo wa asidi. Hospitali hutumia asali iliyosafishwa maalumu. Lakini hutiwa kwenye kidonda kilicho wazi, kilichooshwa. Ukiimimina juu ya shimo la msumari utakuwa umepaka mlango siagi. Na asali ya chupa ya barabarani, nusu yake ni sukari iliyochemshwa, sote twajua. Papai bichi nalo nimeliona likila nyama iliyokufa kwenye vidonda vya moto, hilo si uongo, ila lilifanywa na watu wanaojua wapi pa kuliweka na wakati gani wa kulitoa.

Manjano hayaumi, ila yanaficha. Ukipaka mguu rangi ya biriani, utauona wapi wekundu unaopanda? Mkilifi kuoshea si mbaya kama maji yamechemka kweli. Kumnywesha mtoto mafuta yake ni hatari, msithubutu. Thomo mbichi huunguza ngozi, mwenye uzi ametuonyesha. Spiriti kila siku huua hata nyama changa inayoota. Dawa ya meno ni ya meno.

Mimi huangalia hivi: hiki ulichonacho mkononi, kinaosha au kinaziba? Kinachoosha, tuzungumze. Kinachoziba, kaa nacho mbali mpaka ndani pawe safi.

---

KahawaTungu
Siku ya 13, saa 3 na nusu usiku

Mzee wa hapa barazani anasema huo mkilifi siku zote wamekuwa wakiuita mwarobaini kwa kuwa unatibu maradhi arobaini. Anauliza ndara ni la arobaini na moja?

---

BiKiremba
Siku ya 13, saa 4 usiku

Mwambie sisi Mombasa twauita mkilifi, hatukumuahidi mtu hesabu.

---

Chechemea_Likoni
Siku ya 15, saa 1 jioni

Ripoti. Vidonge vimekwisha leo. Siku ya kumi na moja, ya tatu ya dawa, nilikuwa nimeshaanza kujidanganya: maumivu yameondoka, vidonge vinanipa kichefuchefu, niviache. Mama alishalijua hilo kabla yangu. Akanipokonya pakiti, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Kila dozi anafungua pindo, ananipa kimoja, anangoja nifunue ulimi, anafunga pindo. Nina miaka thelathini na moja na nina mchumba.

Mchumba alikuja jana. Nilikuwa nimejipanga, shati limepigwa pasi, kidonda kimefungwa gozi mpya. Akaketi, akavuta pumzi, akasema, "Mmepika pilau?"

Kuosha sasa naosha mwenyewe. Ile gozi ya ndani nilikuwa nikiiogopa kuliko sindano. Unailowesha kwanza ili ising'ang'anie, kisha unaivuta kidogo kidogo, inatoka ndefu kuliko ulivyotarajia, kama mganga anayetoa leso mdomoni. Siku za mwanzo ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Juzi rangi ya maji ya mchele. Leo imetoka nyeupe, na ndani ya tundu nimeona nyama nyekundu yenye chembechembe, mfano wa ndani ya fuu la komamanga. Nesi wa hospitali akasema hiyo ndiyo nyama mpya na nisiiguse wala kuipaka kitu. Sijaigusa. Lakini naitazama mara sita kwa siku, nakiri.

Wekundu uko Kibokoni. Mtoki umeshuka, sasa ni kama kunde.

---

MkaaBarazani
Siku ya 15, saa 1 na nusu jioni

Kibokoni! Mji mzima unafuatilia. Bado baharini tu.

---

Fundi_Tuktuk
Siku ya 16, saa 11 jioni

Nimechomwa. Bega linauma. Nesi wa huko aliniuliza kwa nini nimekuja bila kidonda, nikamwambia nimetumwa na mtu wa mtandaoni. Akanitazama sana.

---

Nesi_Mstaafu
Siku ya 16, saa 12 jioni

Mwambie bado sijafa.

---

MwanaKisauni
Siku ya 17, saa 4 asubuhi

Swali la kweli. Bahari je? Mie nimelelewa nikiambiwa kidonda kikichovywa pwani hukauka. Likoni pwani iko hapo hapo.

---

Nesi_Mstaafu
Siku ya 17, saa 5 asubuhi

Chumvi ya bahari sina ugomvi nayo, ila bahari haina chumvi peke yake. Ina mchanga, ina viumbe, na baada ya mvua ina kila kitu kilichoteremka na mifereji ya mji. Kidonda kikiwa wazi, pwani ni ya macho. Kikifunga ngozi, kaogelee.

---

Chechemea_Likoni
Siku ya 23, saa 3 usiku

Leo nimevuka feri kwa miguu miwili. Maji yalikuwa yamejaa, mteremko umelala, nikaingia kama bwana harusi. Hakuna aliyenitazama.

Kigaga kilianguka bafuni asubuhi. Chini yake kuna kovu dogo, la mviringo, jekundu kidogo. Mstari wa kalamu umefutika wote isipokuwa kipande cha pale Makupa, na pale sipasugui.

Ile punje ya ndara mama aliiomba. Nesi alikataa kwanza, kisha akamfungia kwenye karatasi. Iko ndani ya kikombe cha kabati la vyombo, karibu na chupa ya asali. Wageni wakija wanaonyeshwa. Ndara zenyewe mdogo wangu alizitupa, halafu mama akaziokota, akazikata, sasa ni kizuizi cha mlango wa lile kabati. Kwa hiyo mzee wa barazani aambiwe: kabati lilifika, na linafunga.

Natafuta ndara namba 9. Soli nene, rangi yoyote ila bluu.

---

KahawaTungu
Siku ya 23, saa 3 na dakika nne usiku

Mzee anauliza, chaga iliondolewa pale majini?

---

Chechemea_Likoni
Siku ya 23, saa 3 na dakika kumi usiku

Ngoja nimpigie mdogo wangu.